Altair, KIM-1, Elf au ZX81: ujenge ipi?

Anayetaka kujenga kompyuta ya enzi za mwanzo kwa mikono yake hakwami kwenye lehemu. Hukwama kabla ya hapo, kwenye kuchagua. Kila mwenye mashine anaisifia yake, na kwenye picha zote zinapendeza.

Hapa nazilinganisha nne: Altair 8800 ya mwaka 1975, KIM-1 na COSMAC Elf za mwaka 1976, na Sinclair ZX81 ya mwaka 1981. Tatu za mwanzo ni za Marekani, ya nne ni ya Uingereza. KIM-1 haikuuzwa vipande vipande. Ilitoka kiwandani ikiwa imeshalehemiwa. Nimeiingiza kwa sababu nakala zake za leo huja kama seti ya vipuri, na kila anayeingia kwenye ulingo huu lazima akutane nayo.

Tuelewane jambo moja kwanza. Mashine za asili sasa zimo mikononi mwa wakusanyaji, hasa Altair, na bei zake ni za mnadani. Kwa hiyo wengi wetu tunazungumzia nakala, na nakala ziko za aina mbili. Kuna zinazotumia chipu ile ile ya zamani au ndugu yake, na kuna zenye chipu ya kisasa inayoigiza ya zamani huku swichi na taa zikiwa za kweli. Zote ni halali. Ila ujue unanunua ipi, maana matangazo ya biashara hayaweki wazi kila mara.

Vigezo

Swali la kwanza la watu wengi huwa ni kasi ya prosesa. Liache. Altair inakwenda megahezi 2, KIM-1 megahezi 1, ZX81 megahezi 3.25, na kwa macho ya leo zote zinajikokota. Kitakachoamua kama utaifurahia mashine au utaifungia kabatini ni namna unavyoingiza programu: biti kwa biti kwa swichi, kwa vitufe vya namba, au kwa kibodi na lugha ya BASIC. Hicho nakipa uzito kuliko vingine vyote.

Vinavyofuata ni ujenzi wenyewe, yaani lehemu kiasi gani, na ikigoma utaanzia wapi kutafuta hitilafu, umeme na vipuri, kwa kuwa Afrika Mashariki tuna volti 230 hadi 240 na umeme hukatika, programu zilizopo, na mtu anayefaa kuwa nayo.

| | Altair 8800 | KIM-1 | COSMAC Elf | ZX81 |
|---|---|---|---|---|
| Prosesa | Intel 8080 | MOS 6502 | RCA 1802 | Z80 |
| Kumbukumbu ya kuanzia | baiti 256 | kilobaiti 1 na ushei | baiti 256 | kilobaiti 1 |
| Unaingiza kwa | swichi | vitufe | swichi | kibodi |
| Unasoma kwenye | taa | tarakimu 6 | tarakimu 2 na taa moja | televisheni |
| Bei ya wakati wake | dola 397 (seti) | dola 245 (tayari) | vipuri vya takribani dola 80 | pauni 49.95 (seti) |

Altair 8800

MITS ya Albuquerque, New Mexico, ilikuwa kampuni ya vikokotoo iliyokuwa inazama kwa madeni. Ed Roberts, mwenye kampuni, akaja na mashine hii, jarida la Popular Electronics likaiweka kwenye jalada la Januari 1975, na maagizo yakamiminika kuliko walivyoweza kuyahudumia.

*Ujenzi.* Ya asili ni kazi nzito kuliko zote humu. Kuna sanduku la chuma, transfoma kubwa, bodi ya prosesa, bodi ya kumbukumbu, paneli ya mbele, na msitu wa waya kati ya paneli hiyo na soketi za S-100 za kuchomekea bodi, ambazo kila moja ina miguu 100. Waya mmoja ukikaa pasipo pake, taa zinawaka bila mpangilio nawe hujui uanzie wapi. MITS wenyewe walizipunguza waya hizo kwenye toleo lililofuata, la 8800b. Nakala kama Altair-Duino imekwepa yote hayo: ndani mna Arduino Due, bodi ndogo ya kisasa ya kuprogramu, inayoigiza 8080, na kazi yako kubwa ni kulehemu taa, rezista na swichi. Mwanafunzi mwenye subira anaiweza.

*Kuongea nayo.* Hapa ndipo penye utamu, au adha, kutegemea mtu. Chukua mfano wa kujumlisha namba mbili. Amri ya kwanza, ya kuchukua namba kutoka kwenye kumbukumbu, huandikwa 072 kwa namba za msingi wa 8, mfumo ambao watu wa Altair waliuzoea. Unapanga swichi nane: mbili za mwanzo chini, tatu zinazofuata juu, kisha chini, juu, chini. Hiyo ni 00 111 010. Unabonyeza DEPOSIT, na taa za data zinaonyesha ulichoweka. Kisha unapanga 200 na kubonyeza DEPOSIT NEXT, halafu 000 vivyo hivyo, maana hiyo ndiyo anwani ya namba ya kwanza. Programu nzima, pamoja na amri ya kurudi mwanzo, ina baiti 14. Ukiimaliza, unaweka namba zako mbili kwenye anwani 200 na 201, unarudi mwanzo, unabonyeza RUN, kisha STOP, unaangalia anwani 202 kwa EXAMINE na kusoma jibu kwenye taa. Kwa jumlisho moja tu! Ila ukimaliza, hutauliza tena maishani anwani ni nini na data ni nini.

*Programu.* Hapa Altair ina utajiri. Bill Gates, Paul Allen na Monte Davidoff waliiandikia BASIC kabla hawajaigusa mashine yenyewe. Waliitengeneza kwa kuigiza 8080 kwenye kompyuta ya PDP-10 ya Chuo Kikuu cha Harvard. Ilikaa kwenye kilobaiti 4. Tatizo ni kwamba iliuzwa kwenye utepe wa karatasi: kwanza unaingiza kwa swichi programu fupi ya kupakia, kisha mashine ya Teletype inausoma utepe kwa herufi 10 kwa sekunde, karibu dakika saba. Watu wakawa wananakiliana tepe, na Februari 1976 Gates akawaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi akiwaita wezi. Baadaye ukaja mfumo endeshi wa CP/M wa Gary Kildall, na kwa hapo mashine za S-100 zikafanya kazi halisi za ofisini. Nakala za leo nyingi zinabeba BASIC na CP/M humo humo ndani.

Na kuna Steve Dompier, aliyegundua kuwa Altair inavuruga redio ya AM iliyowekwa karibu yake, akaandika programu ambayo mvurugiko wenyewe unatoa muziki. Aliupigisha mbele ya wanachama wa Homebrew Computer Club, klabu ya wapenzi wa kompyuta ya California, mwaka 1975. Ukiwa na redio ya mkulima na Altair ya asili, jaribu.

*Umeme na vipuri.* Ya asili iliyouzwa Marekani imetengenezewa volti 120, kwa hiyo huku usiichomeke ukutani bila transfoma ya kushushia. Chipu ya 8080 inadai umeme wa aina tatu, +5, -5 na +12, na ile ya hasi ikikosekana chipu iko hatarini. Nakala za kisasa hazina usumbufu huo.

*Inamfaa* anayependa historia na asiye na haraka. Pia mwalimu anayetaka kitu cha kuweka mezani ambacho kila anayepita atauliza ni nini.

KIM-1

Hii ilitengenezwa na MOS Technology ili wahandisi waijue prosesa yao mpya ya 6502. Chuck Peddle na wenzake walikuwa wameishusha bei ya chipu hiyo hadi dola 25, wakati ambapo washindani waliuza za kwao kwa mamia. Wapenzi wa kompyuta wakaiona KIM-1 wakainunua wao.

*Ujenzi.* Bodi moja, hakuna sanduku, hakuna msitu wa waya. Kwenye nakala ya PAL-1 unalehemu soketi, rezista, vitufe na tarakimu. Ukifuata maelekezo taratibu inakubali. Hitilafu yake ni rahisi kuifuata kwa kuwa kila kitu kiko mbele ya macho yako kwenye ubao mmoja. KIM Uno ni ndogo zaidi, ila humo prosesa inaigizwa na Arduino.

*Kuongea nayo.* Unabonyeza AD kisha 0 2 0 0, na tarakimu nne za kushoto zinaonyesha anwani. Unabonyeza DA, unaingiza baiti kwa tarakimu mbili za heksadesimali (namba za msingi wa 16, ambapo A hadi F hufuata 9), na alama ya kujumlisha inakupeleka anwani inayofuata. Ukimaliza unarudi mwanzo, GO, inakimbia. Kinachofanya hayo yawezekane ni programu ndogo iliyochomwa ndani ya chipu za mashine yenyewe. Altair ya mwanzo haikuwa na kitu kama hicho. Uliiwasha ikiwa tupu kabisa.

Kuna kiswichi cha SST cha kutembeza programu amri moja moja, na hiki ndicho kinachonifanya niipende KIM-1 kwa kufundishia. Lakini kina sharti ambalo wageni hawaambiwi: kabla ya kukitumia lazima uweke 00 kwenye anwani 17FA na 1C kwenye 17FB, la sivyo programu inatoroka kusikojulikana, na hata kitufe cha ST, cha kusimamisha, hakitakusaidia. Vilevile weka 00 kwenye 00F1 kabla ya kusoma au kuandika kaseti. Ziandike namba hizo kwenye karatasi ubandike pembeni ya bodi.

*Programu.* Si nyingi kama za Altair, ila zimeandikwa kwa ustadi. Peter Jennings aliibana programu ya sataranji, Microchess, ndani ya kumbukumbu ya KIM-1 isiyoongezwa chochote. Kuna Tiny BASIC ya Tom Pittman kwa atakayeongeza kumbukumbu na kuunganisha kituo cha kuandikia. Kaseti ya kawaida inahitaji dakika mbili na zaidi kuhifadhi kilobaiti moja. Jim Butterfield alitoa Hypertape, inayofanya kazi hiyo mara sita haraka zaidi. Na 6502 ukishaijua hutaishia hapo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ndani ya Apple II na Commodore PET.

*Umeme na vipuri.* Ya asili inahitaji volti 5 tu, na 12 kwa ajili ya kaseti. Chipu za 6502 zinatengenezwa hadi leo. Udhaifu uko kwenye chipu mbili za 6530, ambazo zilitengenezwa maalumu kwa mashine hii. Zikifa hazina mbadala wa moja kwa moja, inabidi uweke chipu ya 6532 pamoja na kumbukumbu ya kusoma tu pembeni. Nakala zimeshalitatua hilo.

*Inamfaa* anayetaka kuandika lugha ya mashine kwa dhati, na mhandisi chipukizi anayetaka miguu ya kuunganishia taa, mota na vihisi.

COSMAC Elf

Joseph Weisbecker wa RCA aliitoa Elf kwenye Popular Electronics ya Agosti 1976 kama mchoro wa kujijengea, vipuri ukatafute mwenyewe. Mtu huyu aliamini kompyuta inaweza kuwa rahisi na ya kuchezea nyumbani. Binti yake Joyce aliandika michezo ya mashine za RCA zenye prosesa hii hii.

*Ujenzi.* Ndiyo nyepesi kuliko zote. Chipu chache, swichi, tarakimu mbili, taa. Siri iko kwenye 1802 yenyewe: ina hali maalumu ya kupokea baiti kutoka nje na kuziweka kwenye kumbukumbu bila msaada wa programu yoyote. Kwa hiyo huhitaji chipu ya kumbukumbu ya kudumu, wala saketi ndefu ya paneli kama ya Altair. Nakala iitwayo Membership Card, yenye 1802 ya kweli, inaingia kwenye kikopo cha peremende.

*Kuongea nayo.* Swichi nane na kitufe cha IN. Programu ya kwanza ya kila mtu ni 7B, 30, 00: washa ile taa yake moja, iitwayo Q, kisha rudi mwanzo. Baiti tatu, taa inawaka. Usumbufu ni kwamba Elf ya asili haionyeshi anwani, inaonyesha baiti tu. Ukitaka kusahihisha baiti ya arobaini unawasha kinga ya kumbukumbu, unabonyeza IN kuanzia mwanzo huku ukihesabu hadi ufike karibu yake, kisha unaizima kinga na kuandika. Ukipigiwa simu katikati, umerudi sifuri.

*Programu.* Kwa baiti 256 usitarajie makubwa. Ukiongeza kumbukumbu unapata Tiny BASIC, na chipu ya picha ya 1861 inakupa nukta 64 kwa 32 kwenye televisheni. Weisbecker huyo huyo ndiye aliyebuni CHIP-8, lugha ya kuandikia michezo midogo, kwa ajili ya ndugu yake Elf aitwaye COSMAC VIP. Lugha ya mashine ya 1802 ni ya kipekee: ina rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) 16 zenye biti 16 kila moja, na yoyote kati ya hizo inaweza kuwa ndiyo inayoongoza programu. Haina hata amri ya kawaida ya kuita sehemu ya programu na kurudi. Wengine wanaiona bora kwa hilo. Mimi naiona ya kupendeza, ila maarifa yake hayahamii kwingine kirahisi.

*Umeme na vipuri.* Hapa Elf inazipita zote. 1802 ni ya CMOS, inakula umeme kidogo sana, na betri chache za redio zinatosha. Ukiweka na kumbukumbu ya CMOS, umeme wa ukutani ukikatika programu yako inabaki. Hata saa yake ikisimamishwa, prosesa inangoja pale pale ilipokuwa. Chombo cha Galileo, kilichotumwa kwenda Jupita mwaka 1989, kilibeba prosesa za aina hii.

*Inamfaa* anayelehemu kwa mara ya kwanza, kikundi cha wanafunzi wasio na fedha nyingi, na aliyeko mahali ambapo umeme si wa kutegemea.

Sinclair ZX81

Sinclair Research ya Cambridge iliitoa Machi 1981, pauni 49.95 ukijijengea na 69.95 ikiwa tayari. Ndiyo kijana wa kundi hili, na wapo watakaosema si ya enzi za mwanzo. Lakini ndiyo inayoonyesha mambo yalivyobadilika katika miaka sita.

*Ujenzi.* Mtangulizi wake ZX80 ilikuwa na chipu takribani 20. ZX81 ikabaki na nne au tano, kwa kuwa kazi nyingi zimefungiwa ndani ya chipu moja ya Ferranti. Kujenga ni kazi ya jioni moja kwa mwenye mkono mzuri. Hasara yake ni kwamba ndani ya chipu ile huoni kinachoendelea, hivyo anayetaka kuelewa saketi anakula ganda. Nakala ya Minstrel imerudi kwenye chipu za kawaida za mantiki, na kwa mwanafunzi naiona bora kuliko ya asili.

*Kuongea nayo.* Unawasha, unaandika BASIC. Kitufe cha P kinatoa neno zima PRINT, na mstari wenye kosa la sarufi unakataliwa hapo hapo. Kibodi yake ni bapa isiyobonyea, inachosha vidole. Kumbukumbu ya kilobaiti 1 nayo ni finyu: kioo kikijaa maandishi, baiti 793 zimekwenda kwenye kioo peke yake.

*Programu.* Michezo na programu za nyumbani ni tele, na David Horne aliandika sataranji ya baiti 672 tu. Nyingi za kununua zilitaka kiongezeo cha kilobaiti 16 kinachochomekwa nyuma, ambacho kikitikisika kidogo kazi yote inapotea. Bidhaa hiyo iliudhi kizazi kizima.

*Umeme na vipuri.* Adapta yake ni ya Uingereza, yenye plagi ya pini tatu kama za kwetu, hivyo inachomekwa bila kubadili chochote. Picha hutoka kwa njia ya UHF, chaneli 36, mfumo wa PAL, na kwa kuwa mashine haina sauti hutahangaika na tofauti za mfumo wa sauti. Televisheni nyingi zenye kipokezi cha analogia zitaipata. Jihadhari na matundu ya pembeni: la umeme, la EAR na la MIC yanafanana kwa ukubwa. Weka alama ya rangi kwenye la umeme.

*Inamfaa* anayetaka kuandika programu leo leo, na mzazi mwenye mtoto anayetaka kuona kitu kikitokea kwenye kioo.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kushika pasi ya kulehemia, anza na Elf. Ukiharibu, umeharibu kidogo. Kama unasoma uhandisi wa umeme au kompyuta na unataka kuelewa prosesa hadi ndani, KIM-1, ya chipu ya kweli na si ya kuigiza. Ukivutwa na swichi na taa, usijidanganye na mbadala, chukua nakala ya Altair. Mwenye hamu hiyo hatulizwi na kingine. Kwa klabu ya shule yenye watoto kumi na mashine moja, ZX81 kwenye televisheni kubwa itawapa wote cha kutazama, wakati tarakimu za KIM-1 zinaonwa na wawili waliokaa mbele.

Kama fedha ndiyo kikwazo, zingatia kwamba nauli na ushuru wa forodha vinaweza kukaribia bei ya seti yenyewe. Elf ndiyo pekee kati ya hizi ambayo unaweza kuagiza chipu ya 1802 na vitu vichache, kisha vingine ukavipata kwa fundi redio mtaani kwako.

Na kabla ya kulipa chochote, pakua emuleta, yaani programu inayoigiza mashine uliyoielekea, pamoja na mwongozo wake, uingize mfano wa kwanza kwa namna ile ile ya asili, bila kunakili na kubandika. Ukiwa umeelekea kwenye Altair na umechoka kabla ya baiti ya 14, rudi juu ukasome tena sehemu ya ZX81.